Aluminiamu Fosfaidi (AlP): Kidonge cha Mahindi Ndani ya Maswali ya Kemia

Hutaikuta kampaundi hii kama mada inayojitegemea katika muhtasari wa Kemia, kidato cha kwanza hadi cha nne. Hata hivyo iko ndani ya mada nyingi ulizosoma: muungano wa atomi, namba za oksidisho, kasi ya mmenyuko, hesabu za moli, gesi, na aluminiamu na misombo yake. Watunzi wa mitihani hupenda kumpa mtahiniwa kitu asichokizoea, kisha kumtaka atumie anachokijua. Ndiyo maana tunaipa kurasa hizi.

Ipo sababu nyingine, hasa kwako unayesomea Songea, Namtumbo, Mbinga, Madaba au Tunduru. Mkoa wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa mahindi nchini. Kila mwaka baada ya mavuno nyumba nyingi hujaa magunia, na vidonge vya kijivu huuzwa kwenye maduka ya pembejeo. Wengine huviita tu "dawa ya mahindi", wengine huviita Phostoxin, ambalo ni jina la kibiashara. Kitendea kazi ndani ya vidonge hivyo ni aluminiamu fosfaidi. Huenda wewe ndiye mtu pekee nyumbani kwenu aliyesoma mlinganyo wake, kwa hiyo usome mada hii kwa ajili ya mtihani na kwa ajili ya watu unaolala nao nyumba moja.

Mtihani utauandika kwa Kiingereza, hilo unalijua. Elewa kwanza kwa Kiswahili, kisha shika fomula. AlP ni AlP kwa lugha yoyote.

1. Kampaundi yenyewe

Aluminiamu ina namba ya atomi 13, mpangilio wake wa elektroni ni 2:8:3, nayo iko Kundi la III. Fosforasi ina namba ya atomi 15, mpangilio ni 2:8:5, iko Kundi la V. Valensi zote mbili ni 3, kwa hiyo fomula ni AlP, atomi moja kwa atomi moja. Masi ya moli ni 27 + 31 = 58 g.

Hutengenezwa kwa kupasha joto unga wa aluminiamu pamoja na fosforasi:

4Al + P₄ → 4AlP

Mmenyuko huu hutoa joto jingi sana. Kinachopatikana ni yabisi yenye rangi ya njano iliyofifia au kijivu. Ya kiwandani ambayo si safi huwa ya kijivu zaidi. Huyeyuka kwenye jotoridi linalozidi nyuzi 2,000 za Selsiasi. Kiwango hicho kikubwa kinakueleza jambo kuhusu muundo wake: kila atomi ya aluminiamu imezungukwa na atomi nne za fosforasi, na kila fosforasi imezungukwa na aluminiamu nne, na mtandao huo unaendelea pande zote bila kukoma. Ni muundo mkubwa wenye vifungo vya kovalenti vyenye tabia kiasi ya kiioni. Ukiulizwa kwa nini kiwango chake cha kuyeyuka ni kikubwa, usijibu "kwa sababu ni metali". Si metali. Jibu ni kwamba vifungo vingi vyenye nguvu lazima vikatwe kabla haijayeyuka.

Hapa naomba usimame kidogo, kwa sababu watahiniwa wengi hupoteza alama kwa herufi chache tu. Fosfaidi si fosfeti. Fosfaidi ina fosforasi peke yake pamoja na metali, yenye namba ya oksidisho −3. Fosfeti ina fosforasi iliyoungana na oksijeni, PO₄³⁻, ambamo namba ya oksidisho ya fosforasi ni +5. Mwamba wa fosfeti unaochimbwa Minjingu mkoani Manyara hutengenezwa mbolea, na watu huishika kwa mikono wakipanda mahindi. Fosfaidi ni sumu kali. Uhusiano wao ni kama ule wa salfaidi na salfeti, au naitraidi na naitreti. Ukichanganya majina haya kwenye karatasi ya mtihani unapoteza alama moja. Ukiyachanganya stoo, hasara ni nyingine kabisa.

2. Inahusikaje na taa za LED?

Wanafunzi hushangaa wakisikia kwamba kampaundi inayoua fukusi ni ya jamii moja na vitu vinavyowasha taa. Hakuna ajabu. Jumlisha elektroni za nje: aluminiamu ina 3, fosforasi ina 5, jumla 8 kwa atomi mbili, yaani wastani wa 4 kwa kila atomi. Nani mwingine ana elektroni 4 za nje? Silikoni, 2:8:4. Jumlisha hata namba za atomi: 13 + 15 = 28, na silikoni mbili ni 14 + 14 = 28. Kwa hesabu ya elektroni, AlP ni kama silikoni iliyogawanywa kwa majirani wake wawili, mmoja wa kushoto na mmoja wa kulia katika Jedwali la Elementi.

Kwa sababu hiyo AlP, kama silikoni, ni nusu-kipitishi. Shaba hupitisha umeme kwa urahisi kwa kuwa ina elektroni zilizo huru. Plastiki haipitishi. Nusu-kipitishi kiko katikati: elektroni zake zimeshikwa kwenye vifungo, lakini zikipewa nishati ya kutosha baadhi hutoka na kuweza kusafiri. Ndiyo maana nusu-kipitishi kikipata joto hupitisha umeme vizuri zaidi, wakati waya wa shaba ukipata joto upinzani wake huongezeka. Tofauti hiyo huulizwa pia kwenye Fizikia.

Nishati inayohitajika kuitoa elektroni katika AlP ni takribani elektronivolti 2.5, katika silikoni ni kama 1.1. AlP peke yake haitoi mwanga vizuri, na tena hewa yenye unyevu huiharibu. Kwa hiyo viwandani huchanganywa na galiamu fosfaidi na indiamu fosfaidi, kupata kampaundi yenye aluminiamu, galiamu, indiamu na fosforasi. Kwa kubadilisha uwiano wa metali hizo, rangi ya mwanga hubadilika kutoka nyekundu hadi machungwa, njano na kijani cha njano. LED nyekundu zinazong'aa sana, kama za breki za magari na za kuongozea magari barabarani, hutumia jamii hii. Kwa kidato cha nne hiyo inatosha. Hutaulizwa zaidi ya hapo.

3. Mmenyuko mmoja unaobeba kila kitu

Ukiwa na muda wa kukariri kitu kimoja tu katika mada hii, kariri hiki:

AlP + 3H₂O → Al(OH)₃ + PH₃

Aluminiamu fosfaidi na maji hutoa aluminiamu hidroksidi, ambayo ni unga mweupe, na gesi iitwayo fosfini. Faida zote za kidonge na hatari zake zote zinatoka kwenye mstari huo. Kidonge chenyewe hakiui mdudu. Fosfini ndiyo inayoua, na haichagui kati ya fukusi, kuku, mbuzi na binadamu.

Angalia namba za oksidisho. Fosforasi katika AlP ni −3. Katika PH₃, hidrojeni tatu ni +3, hivyo fosforasi ni −3. Haijabadilika. Aluminiamu ni +3 kabla na baada. Kwa hiyo huu si mmenyuko wa oksidisho na upunguzaji. Ni haidrolisisi, yaani maji kuivunja kampaundi. Swali la "je, huu ni mmenyuko wa oksidisho na upunguzaji? Toa sababu" linajibiwa kwa mistari miwili hiyo.

Maji yanatoka wapi wakati kidonge kimewekwa kwenye mahindi makavu? Yanatoka hewani, kwa njia ya mvuke, na kwenye mahindi yenyewe. Mahindi yanayokubalika sokoni kuwa makavu yanaruhusiwa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Gunia la kilo 100 lenye unyevu huo lina kilo 13.5 za maji, ingawa ukiyamwaga mahindi mkononi huoni hata tone. Muda mfupi tutaona kwamba kidonge kimoja hakihitaji hata gramu mbili.

Asidi hufanya kazi hiyo haraka zaidi:

AlP + 3HCl → AlCl₃ + PH₃

Na asidi hidrokloriki iko tumboni mwa kila mtu. Ndiyo sababu chembe za vidonge hazitakiwi kabisa kufika kwenye chakula, na mikono huoshwa kwa maji mengi na sabuni baada ya kung'uta unga wote kukiwa hewani, nje.

Umewahi kupita karibu na fundi wa kuchomelea anayetumia kabaidi na kusikia harufu kama ya kitunguu saumu? Asetilini safi hainuki hivyo. Kabaidi ya kiwandani huwa na uchafu wa kalsiamu fosfaidi, na inapokutana na maji hutoa fosfini kidogo pamoja na asetilini. Linganisha milinganyo hii miwili, utaona inafanana kama ndugu:

CaC₂ + 2H₂O → Ca(OH)₂ + C₂H₂
Ca₃P₂ + 6H₂O → 3Ca(OH)₂ + 2PH₃

4. Hesabu ya kidonge kimoja

Kidonge cha kawaida kina gramu 3, na asilimia 56 yake ni AlP. Zifuatazo ni hesabu za aina unayoweza kupewa. Tumia Al = 27, P = 31, H = 1, O = 16, na ujazo wa moli moja ya gesi kwenye jotoridi la chumba kuwa dm³ 24.

Masi ya AlP = 56/100 × 3 = 1.68 g
Moli za AlP = 1.68 ÷ 58 = 0.029

Kwa mlinganyo, moli 1 ya AlP hutoa moli 1 ya PH₃. Hivyo moli za PH₃ = 0.029.

Masi ya PH₃ = 0.029 × 34 = 0.99 g, yaani karibu gramu moja
Ujazo wa PH₃ = 0.029 × 24 = dm³ 0.70

Maji yanayohitajika: moli 3 kwa kila moli ya AlP, hivyo 0.029 × 3 × 18 = 1.57 g. Hiyo haifiki hata nusu ya kijiko cha chai. Mtu akikwambia kwamba stoo yao ni kavu na kwa hiyo vidonge "havitafanya kitu" hadi vilowe, mwonyeshe hesabu hii.

Tuendelee. Chukua chumba cha meta 3 kwa 3 kwa 3, ukubwa wa vyumba vingi vya kupanga. Ujazo wake ni m³ 27, sawa na dm³ 27,000. Kama gesi yote ya kidonge kimoja imetoka na haijavuja:

0.70 ÷ 27,000 × 1,000,000 = 26

Yaani sehemu 26 za fosfini kwa kila sehemu milioni moja za hewa. Kikomo ambacho Marekani imeweka kwa mfanyakazi anayeshinda kazini saa 8 ni sehemu 0.3. Gawanya 26 kwa 0.3, utapata zaidi ya mara 80. Hicho ni kidonge kimoja. Simwelewi mtu anayeweka mfuko wa mahindi wenye vidonge chini ya kitanda cha mtoto, lakini kabla ya kumlaumu, jiulize kama kuna aliyewahi kumfanyia hesabu hii.

Ukiwa kwenye mtihani andika hatua zote, hata zile unazoziona ni za kitoto. Alama za njia hutolewa hata jibu la mwisho likikosea.

5. Fosfini: sifa na hatari

Fosfini, PH₃, ni ndugu wa amonia, NH₃, kwa kuwa naitrojeni na fosforasi ziko kundi moja. Zote mbili ni gesi zisizo na rangi, molekuli zenye umbo la piramidi. Lakini hazifanani tabia. Amonia huyeyuka sana kwenye maji na kutoa alkali. Fosfini huyeyuka kidogo mno, na ubesi wake ni dhaifu sana. Tofauti hii si ya kukariri tu. Watu wengine wakisikia harufu ya dawa hufunika pua kwa kitambaa kilicholoweshwa maji. Kwa amonia kitambaa kingesaidia kidogo, maana maji huinyonya. Fosfini hupita. Barakoa za kawaida pia hazizuii gesi, kwani zimetengenezwa kwa ajili ya vumbi na matone. Wanaofukiza maghala huvaa vifaa vyenye kichujio maalumu cha gesi au mitungi ya hewa.

Densiti yake ikilinganishwa na hewa: 34 ÷ 29 = 1.17. Ni nzito kidogo kuliko hewa, lakini si nzito kiasi cha kubaki sakafuni. Husambaa na kupenya nyufa, chini ya milango na juu ya kuta. Hili lina maana kubwa kwenye nyumba za kupanga za mjini, Mfaranyaki, Lizaboni, Bombambili, popote ambapo dari moja linapita juu ya vyumba vyote au hakuna dari kabisa. Aliyeweka dawa yuko chumba cha kwanza, anayeumia yuko chumba cha tatu na hana habari.

Harufu je? Fosfini safi haina harufu. Ile ya vidonge hunuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza kwa sababu ya gesi nyingine zinazoandamana nayo. Usiitegemee harufu kama kengele: gesi inaweza kuwapo kwa kiwango cha kudhuru bila wewe kunusa kitu, hasa baada ya kupita katikati ya mahindi ambayo hunyonya zile gesi zenye harufu. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo huchanganya kwenye kidonge kampaundi iitwayo amoniamu kabameti, ambayo huvunjika hivi:

NH₂COONH₄ → 2NH₃ + CO₂

Amonia hutoa harufu kali ya onyo mapema, na gesi hizo mbili kwa pamoja hupunguza uwezekano wa fosfini kuwaka. Ndiyo, inawaka. Ikifika karibu asilimia 1.8 ya hewa inaweza kushika moto, na ikiwa na uchafu wa P₂H₄ inaweza kujiwasha yenyewe bila kiberiti:

PH₃ + 2O₂ → H₃PO₄

Hapa fosforasi imetoka −3 hadi +5, kwa hiyo huu ndio mmenyuko wa oksidisho na upunguzaji. Moshi mweupe huonekana. Kopo la vidonge likishika moto, usimwage maji. Umeshaona mlinganyo: maji ni chakula cha mmenyuko. Hutumika mchanga mkavu au unga mkavu wa kuzimia moto, watu wakae upande upepo unakotoka, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipigiwe simu kwa namba 114.

Ndani ya mwili, fosfini huzuia seli kutumia oksijeni. Mtu anavuta hewa, damu inabeba oksijeni, lakini seli hazizalishi nishati. Moyo na mapafu huathirika mapema. Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kifua kubana, kupumua kwa shida na kuishiwa nguvu. Dalili kama hizo ndani ya nyumba watu huzidhania malaria au chakula kibovu, wakameza dawa na kurudi kulala katika chumba kile kile. Watu wawili au zaidi wa nyumba moja wakiumwa kwa pamoja usiku mmoja, na kuna mahindi yaliyowekwa dawa, hiyo ni dalili inayojitosheleza.

Hakuna dawa ya kuiondoa fosfini mwilini. Madaktari hutegemeza moyo na upumuaji mpaka mwili wenyewe uishinde, kwa hiyo muda ni kila kitu. Mtoe mgonjwa kwenye hewa safi, lakini usiingie kichwakichwa ndani ya chumba kilichojaa gesi ukawa mgonjwa wa pili. Fungua milango na madirisha kutoka nje kwanza, ita msaada. Mpeleke hospitali mara moja pamoja na kopo au lebo ili daktari ajue anapambana na nini. Kumnywesha maziwa ni kupoteza muda. Maziwa hayaitoi fosfini kwenye damu.

6. Inatumikaje ipasavyo

Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, una kanda yake hapa Songea, na maghala makubwa kama yake hufukizwa. Magunia hupangwa juu ya chaga, hufunikwa kwa turubai lisilopitisha gesi, kingo hukandamizwa chini kwa mifuko mirefu ya mchanga, vidonge huwekwa kwenye trei ndani yake, mabango ya hatari hubandikwa na watu hawaingii. Baada ya siku zilizopangwa turubai hufunuliwa, hewa hupitishwa, na gesi hupimwa kwa kifaa kabla mtu hajaruhusiwa kufanya kazi humo. Vyombo vya umeme huondolewa mapema, maana fosfini hula shaba.

Kwa nini siku kadhaa, na si saa chache? Sababu ni mbili. Kwanza, mayai na mabuu yaliyojificha ndani ya punje huchukua muda kufa kuliko fukusi au dumuzi anayetembea. Pili, gesi haitoki yote mara moja. Kumbuka mambo yanayoathiri kasi ya mmenyuko: jotoridi, ukubwa wa eneo la nje la kiitikio, wingi wa viitikio. Songea iko zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai kunapoa hasa. Molekuli zina nishati ndogo, migongano yenye mafanikio inapungua, kidonge kinatoa gesi polepole. Anayehesabu siku zile zile za mwezi wa Novemba atafungua mahindi wakati gesi bado inatoka. Kwa hoja hiyo hiyo, kidonge kilichopondwa kina eneo kubwa la nje na hutoa gesi kwa kasi ya kutisha. Hakipondwi.

Unga unaobaki ni Al(OH)₃, wenye tabia ya amfoteriki, yaani huitikia na asidi na pia na alkali. Peke yake hauna madhara makubwa, ila huwa umebakiza chembe za AlP ambazo hazijaisha. Usifagiliwe ndani ya ndoo yenye maji na kufunikwa.

Jambo moja ambalo wafanyabiashara hawapendi kulisema: fosfini ikishatoka, haiachi kinga. Mdudu mpya akiingia kesho anakuta mezani pameandaliwa. Kwa familia yenye magunia machache, mifuko isiyopitisha hewa ina faida zaidi. Mahindi makavu yakifungwa humo, wadudu wenyewe hutumia oksijeni kwa kupumua, hewa ya ukaa huongezeka, nao hufa. Hakuna sumu. Lebo za vidonge huelekeza kwamba vitumiwe na mtu aliyefunzwa, mbali na nyumba inayokaliwa na watu au mifugo. Anayesajili na kusimamia viuatilifu nchini ni Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

7. Zinki fosfaidi kwa ufupi

Unga mweusi au kijivu-kiza unaochanganywa na chambo kuulia panya mara nyingi ni zinki fosfaidi, Zn₃P₂. Nayo ni nusu-kipitishi, na wanasayansi wameichunguza kwa ajili ya seli za nishati ya jua. Zinki ni valensi 2, fosforasi 3, ndiyo maana ya 3 na 2 kwenye fomula. Yenyewe huitikia na maji taratibu, lakini na asidi ya tumbo huitikia haraka:

Zn₃P₂ + 6HCl → 3ZnCl₂ + 2PH₃

Panya hawezi kutapika, kwa hiyo akishameza hana njia ya kuitoa. Imetumika sana nchini wakati panya shamba wanapofurika mashambani, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimefanya utafiti wa miaka mingi juu ya panya hao.

Maswali ya kujipima

1. Tafuta namba ya oksidisho ya fosforasi katika (a) AlP (b) PH₃ (c) H₃PO₄ (d) Zn₃P₂.

2. Gramu 5.14 za zinki fosfaidi ziliitikia na asidi hidrokloriki ya kutosha. Kokotoa ujazo wa fosfini iliyopatikana kwenye jotoridi la chumba. (Zn = 65, P = 31; moli moja ya gesi = dm³ 24)

3. Mlinzi wa ghala aliona vidonge vya aluminiamu fosfaidi vimemwagika sakafuni, akachota ndoo ya maji ili aoshe. Kwa kutumia mlinganyo, mweleze kwa nini asifanye hivyo, na utaje mambo mawili yanayoweza kumpata.

4. Mwanafunzi anayetaka kutambua gesi zinazotoka kwenye kidonge aliweka karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa karibu nacho. Ikageuka buluu. Akahitimisha kwamba fosfini ni alkali kali. Je, yuko sahihi?

Majibu

1. (a) −3 (b) −3 (c) +5 (d) −3.

2. Masi ya moli ya Zn₃P₂ = 195 + 62 = 257 g. Moli = 5.14 ÷ 257 = 0.02. Moli 1 hutoa moli 2 za PH₃, hivyo moli za PH₃ = 0.04. Ujazo = 0.04 × 24 = dm³ 0.96. Wengi watapata 0.48 kwa kusahau ile 2 mbele ya PH₃.

3. AlP + 3H₂O → Al(OH)₃ + PH₃. Maji mengi kwa mara moja yatatoa fosfini nyingi kwa muda mfupi. Anaweza kudhurika kwa kuivuta, na pia gesi inaweza kushika moto au kulipuka kwa sababu mmenyuko hutoa joto. Atoke, azuie wengine wasiingie, aite waliofunzwa na wenye vifaa vya kujikinga.

4. Hayuko sahihi. Kilichogeuza litmasi ni amonia inayotoka kwenye amoniamu kabameti. Fosfini huyeyuka kidogo sana kwenye maji na ubesi wake ni dhaifu mno kuweza kubadilisha rangi hiyo. Zaidi ya hapo, jaribio hili halifanywi darasani wala nyumbani. Swali limetungwa kwa ajili ya kalamu na karatasi tu.